Kitambaa Kikiharibika, Mshahara wa Dobi Usikatwe



Wengine mtacheka mkiona katika karatasi hii ya chama habari za vitambaa vya meza na mashuka, kana kwamba sisi watu wa reli tumeishiwa na maneno. Chekeni, lakini someni mpaka mwisho, maana jambo lenyewe ni mshahara.

Kila nyumba ya mfanyakazi hapa Nakuru ina vitambaa. Ukikaribishwa ndani utaona vimetandikwa juu ya viti, juu ya meza, hata juu ya televisheni. Vingine vimefumwa kwa uzi mweupe na sindano ya kulabu, vingine vimetariziwa maua. Mama wa nyumba hukaa jioni nyingi akifuma kimoja tu, na wengine walikuja navyo siku ya arusi. Vitu vya namna hii havina bei ya dukani. Basi vikichafuka huoshwa na nani? Sisi tuko zamu, mama yuko sokoni au kazini kwake, kwa hiyo huitwa mama fua, yule anayepita mlango kwa mlango asubuhi akiuliza kama kuna nguo.

Kiangazi kilichopita, katika landi yetu, mwenzetu mmoja alimwita mama fua akampa kila kitu katika beseni moja: mashuka, ovaroli yake yenye grisi, na kitambaa cha meza alichoachiwa na marehemu mama yake. Akampa chupa ya Jik na kumwonyesha pipa la maji lililo nyuma ya nyumba. Mapatano yalikuwa shilingi 500. Jioni kitambaa kilikuwa na madoa ya rangi ya kahawia kila mahali. Mwenzetu akakasirika, akasema hamlipi hata senti, na kama si huruma angemdai yeye. Mama akafunga kanga yake akaenda zake. Sisi tulikuwapo, tukasimama pale mlangoni, na wengi wetu tukasema mwenye kitambaa ana haki. Neno hilo linatuaibisha hata leo.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja mstaafu, ambaye zamani alihudumu katika behewa la chakula. Vijana wengine hawakumbuki kwamba treni ya usiku ya Nairobi na Mombasa, ile ya reli ya zamani iliyokoma mwaka 2017, ilikuwa na meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe, na abiria wa daraja la juu walipewa mashuka ya kulalia. Behewa linatikisika, supu inamwagika, na kesho yake meza lazima iwe nyeupe tena. Mzee huyu alijua kitambaa kama dereva anavyoijua injini yake. Akaja, akatia mkono ndani ya lile pipa, akakwaruza ubavu wake kwa ukucha, akatuonyesha: kutu. Akasema, "Maji yana kutu, nanyi mmetia klorini. Klorini haiondoi kutu, huikaza."

Tangu siku hiyo tumemwuliza mengi, na yafaa tuyaandike hapa, kwa kuwa wengi wetu tunaharibu vitu vyetu wenyewe halafu tunatafuta wa kulaumiwa.

Doa la damu au la yai lisianze kwa maji ya moto, maana moto hulipika ndani ya uzi. Litiwe maji baridi kwanza. Doa la chai juu ya pamba nyeupe ni kinyume chake: nyosha kitambaa juu ya sufuria ukimimine maji yanayochemka. Ovaroli ifuliwe peke yake, siku nyingine ikiwezekana. (Hapa wake zetu watapiga makofi.) Vitambaa vya kufuma visisuguliwe kwa brashi wala kukamuliwa kwa kusokotwa, vilowekwe katika povu la sabuni ya mche, vibonyezwe kwa viganja, visuuzwe mara tatu au nne mpaka maji yawe safi. Sabuni ikibaki ndani, kitambaa kitakuwa cha manjano baada ya muda, nawe utasema ni uzee. Dawa ya klorini, kama ni lazima, iwe kidogo katika maji mengi, kwa dakika chache, kwenye pamba nyeupe tu. Kwenye hariri au sufu isikaribie kabisa.

Na vumbi letu je? Wanasema jina la Nakuru limetoka katika Kimaasai, maana yake mahali pa vumbi, na anayeanika nguo hapa mwezi wa Februari hana haja ya kuuliza kwa nini. Upepo wa mchana hauna adabu. Kwa hiyo fua alfajiri, pangusa kamba kwa kitambaa kilicholowa kabla ya kuanika, na uanue kabla upepo haujaanza. Nyeupe ikae juani, ya rangi ikae kivulini. Kilichotariziwa kipigwe pasi kwa upande wa ndani, juu ya taulo, ili maua yasilale.

Kosa kubwa ni katika kuweka. Watu hutia wanga, hupiga pasi mpaka kitambaa kinasimama kama bati, kisha hukifungia katika mfuko wa plastiki chini ya kitanda mpaka Krismasi. Wanga ni chakula cha mende na wadudu wengine, nao wakila wanga hula na uzi. Plastiki huzuia unyevu usitoke, na wakati wa masika koga huingia. Cha kuwekwa siku nyingi kisitiwe wanga. Kikauke kabisa, kiviringishwe badala ya kukunjwa, kwa maana kitambaa hukatika penye mkunjo, halafu kifungwe ndani ya shuka kuukuu nyeupe. Kisilale juu ya mbao tupu za sanduku, kwa sababu mbao hukitia rangi ya manjano.

Sasa turudi kwenye zile shilingi 500. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaja kibarua wa siku, na inasema mshahara wake ni wa mwisho wa siku ileile. Kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini pale tu ambapo mfanyakazi ameiharibu kwa kusudi. Mama huyu alikusudia nini? Maji hakuyachagua yeye, dawa hakuichagua yeye, beseni lilichanganywa na mwenye nyumba. Sisi wenyewe, behewa likigonga jingine, neno letu la kwanza ni kuuliza hali ya breki. Tunakaa na mwakilishi wa chama, tunadai kifaa kikaguliwe kabla mtu hajakatwa. Je, tukifika nyumbani na kuvua ovaroli, haki hiyo tunaiacha getini?

Wako watakaosema mama fua si mwenzetu, hana kadi ya chama. Januari 1947, watu wa reli na wa bandari walipogoma Mombasa, watumishi wa nyumbani na wa hoteli waliacha kazi pamoja nao. Hakuna aliyewauliza kadi. Mwezi wa Juni 2011 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani huko Geneva ulipitisha Mkataba Namba 189 kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani, na hapa kwetu chama cha KUDHEIHA huandikisha watu wa kazi hiyo. Kwa hiyo kadi zipo. Labda hakuna aliyemwambia, nasi tunaomfungulia mlango kila juma tulikuwa na nafasi ya kumwambia.

Mwenzetu alipata haya. Tulikwenda naye siku ya tatu kumtafuta yule mama, akamlipa 500 zake, akamwomba radhi mbele yetu. Mama alipokea fedha, akasema kwamba siku ile watoto walilala na uji. Hakusema zaidi. Kitambaa mzee alikipaka maji ya ndimu na chumvi, akakiacha juani, akarudia siku kadhaa. Madoa mengi yamefifia, machache yamebaki.

Katika mkutano wa tawi unaokuja tutaleta shauri kwamba kila mwanachama anayemwita mama fua amlipe siku hiyohiyo, apatane naye juu ya maji, sabuni na dawa kabla kazi haijaanza, na asimkate kwa ajali. Tena tunaomba mapipa yote ya landi yakaguliwe kutu. Wenye neno juu ya shauri hili walete kwa katibu kabla ya mkutano.

Ni sisi wenzenu wa landi, Nakuru.