Tiro Haikungoja Mgeni

Mwezi uliopita vijana wetu waliomba kufundisha Neno kwenye semina hapa kambini. Wazee wakajibu: ngojeni, kuna mtumishi anakuja kutoka nje, ninyi wakimbizi kazi yenu ni kusikiliza. Siku ile nilinyamaza kwa heshima. Leo sinyamazi.

Wazee wangu, fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 21. Paulo yuko mwisho wa safari yake ya tatu, anaelekea Yerusalemu. Meli inaingia Tiro, mji wa bandari wa Foinike, ambao leo uko Lebanoni, ili ishushe shehena. Paulo anawatafuta wanafunzi, anawapata, anakaa kule siku 7. Sasa jiulizeni, hao wanafunzi walitoka wapi? Hakuna mahali Matendo inasema Paulo ndiye aliyewahubiria kwanza.

Rudini sura ya 11. Stefano alipouawa, waumini walitawanyika kwa sababu ya mateso, wakafika mpaka Foinike, Kipro na Antiokia, wakihubiri njiani. Majina yao hayakuandikwa pale. Hakuna kanisa lililowaagiza safari wala kuwachangia nauli. Walikimbia tu, kama sisi. Na Tiro ni Foinike hiyo hiyo! Kwa hiyo mimi nasema kanisa la Tiro lilipandwa na wakimbizi.

Mtaniambia Paulo alikuwa mtume, tena msomi. Sikatai. Lakini kule Tiro mgeni alikuwa yeye. Wenyeji ndio waliomwonya asipande Yerusalemu. Siku ya kuondoka walimsindikiza wote, pamoja na wake zao na watoto, mpaka nje ya mji, wakapiga magoti ufukweni wakaomba. Hata watoto walikuwepo, jamani. Kisha akapitia Tolemai, akafika Kaisaria, akakaa nyumbani kwa Filipo, ambaye naye alikuwa mmoja wa wale waliotawanyika.

Sisemi mgeni asije. Aje, tutampikia na tutamsikiliza. Ila akifika atukute tuko kazini, kama Paulo alivyowakuta watu wa Tiro. Tulipovuka mpaka hatukubeba vitu vingi, lakini Neno hatukuliacha ng'ambo.

Semina ijayo wapeni vijana wawili dakika 30 tu. Wakikosea, mtawasahihisha.