Dawa za Kuzima Jeni Zifike Hadi Ubohoni

Kila msafiri wa barabara ya Busia anajua kwamba hapo Kisian magari huachana: ya Bondo hushika kushoto, ya Busia yakaendelea. Ukipanda lisilo lako, hufiki kwenu. Dawa mpya za kuzima jeni nazo zina shida ya njia.

Dawa hizi ni vipande vidogo vya RNA ambavyo huingia ndani ya seli na kuharibu ujumbe wa jeni fulani. Andrew Fire na Craig Mello wa Marekani walieleza jambo hilo mwaka 1998, wakatuzwa Nobel mwaka 2006. Dawa ya kwanza, patisiran, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Lakini karibu zote zilizoidhinishwa tangu hapo hutibu kupitia ini, kwa maana ndiko zinakofika kwa urahisi.

Ili kufikia viungo vingine, wanasayansi wanasuka DNA yenyewe iwe kama kikapu kidogo mno, chenye alama ambayo seli za kiungo kinachotakiwa huitambua. Kazi hiyo, iliyoasisiwa na Nadrian Seeman miaka ya 1980, ingali ya maabarani.

Je, sisi wa pwani ya Ziwa Victoria yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Jeni ya selimundu imeenea huku kwa sababu anayeirithi kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye huteseka. Na wataalamu wanajua jeni inayofaa kuzimwa ili apate nafuu: ni BCL11A. Ikizimwa, mwili hurudia kutengeneza himoglobini ya uchangani, ambayo haipindi seli za damu.

Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, hufanya hivyo. Lakini seli za mgonjwa hutolewa na kurekebishwa nje ya mwili, naye hupewa dawa kali za kuua uboho wake kabla ya kurudishiwa. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Mzazi wa Nyalenda atazitoa wapi?

Kikapu cha DNA kikiweza kufikisha dawa ubohoni, huenda sindano ikatosha. Hata hivyo, anayegharamia utafiti ndiye huchagua kiungo, na asiyekuwepo na lake halipo.

Kituo cha KEMRI cha Kisian si kigeni katika kazi kubwa. Kilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo mwaka 2021. Serikali ikitengee fedha za utafiti wa selimundu, na dawa yoyote itakayojaribiwa kwa watoto wetu iwekewe masharti ya bei kabla ya sindano ya kwanza.

Wakati tunangoja, kila mtoto apimwe selimundu azaliwapo, na haidroksiurea isikose katika hospitali zetu. Hayo hayahitaji kikapu cha DNA.