Ritifaa ya M'Marete haina kosa

Makala iliyowashauri Wameru waache ritifaa majinani, eti inakwamisha kompyuta, imemwonea asiyehusika. Chukua jina la jenerali wa Mau Mau, Baimungi M'Marete. Tuseme karani mmoja kaandika M'Marete, mwingine M Marete, wa tatu MMarete. Katika ruwaza za kutafutia majina kwenye kompyuta, kiulizi hushika nafasi ya alama moja tu, hata ikiwa nafasi tupu. Kwa hiyo M?Marete itapata mawili ya kwanza na kuliacha la tatu. Kinyota hushika alama zozote, hata pasipo na kitu: M*Marete huyapata yote. (Ndiyo, itamzoa na mtu aitwaye, tuseme, Mwenda Marete, hapo karani atumie macho.) Mbona hatufuti ritifaa ya ng'ombe? Waandaaji programu, rekebisheni ruwaza zenu, majina yetu yaacheni.