Tuwapeleke Watoto Wetu Mwituni

Enyi ndugu zetu wa Kitui na Makueni, wazee, akina mama, walimu na machifu: muradi wa risala hii ni kuwaombeni jambo moja lisilotaka fedha nyingi, nalo ni kwamba tuwachukue watoto wetu, wa kike kwa wa kiume, tuwapandishe katika misitu iliyosalia juu ya vilima vyetu, Mbooni na Nzaui, Makuli na Kilungu, Museve na Mumoni, na huko tuwafundishe kwa michezo yale maarifa ambayo wazee wetu waliyapata machungani bila hata kutambua kwamba walikuwa wakisomeshwa.

Mtoto aliyechunga mbuzi zamani alijua kutenga nyayo za jana na za leo, akajua tunda liliwalo na lisiloliwa, na upepo ulipogeuka alijua mvua iko wapi. Mtoto wa leo yuko darasani tangu asubuhi hata jioni, na kuwa huko ni haki yake, wala hapana mzazi mwenye akili atakayetamani kumtoa shule akamrudishe nyuma ya mbuzi. Lakini maadamu machunga yamekoma kuwa chuo, na hapana chuo kingine kilichoshika mahali pake, ilimu ile inazikwa pamoja na wenyewe, mzee baada ya mzee, nasi tunahudhuria maziko bila kuuliza ni nini kingine kinachofukiwa.

Yamkini mtu akauliza ilimu hiyo ina faida gani. Jawabu moja lilitokea papa hapa kwetu. Kivoi, tajiri wa Kitui aliyekuwa na misafara ya pembe hadi pwani, alimpokea mmisionari Johann Ludwig Krapf, na tarehe 3 Desemba 1849 mgeni yule akauona Mlima Kenya kutoka nchi hii. Aliporudi mwaka 1851 wakasafiri pamoja kuelekea mto Tana. Njiani wakashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake mwituni. Alipofika mtoni alitia maji katika mitutu ya bunduki yake, kwa kuwa hakuwa na kibuyu, kisha akashika njia ya kurudi akijificha mchana na kwenda usiku. Maji yalipomwishia na kiu ikakaribia kumwangusha, alisikia sauti za nyani, akafurahi, kwani alijua walipo nyani bondeni maji hayako mbali. Akafuata mkondo mkavu mpaka akakuta shimo walilolichimba mchangani, akanywa. Msomi wa lugha nyingi aliokolewa na maarifa ambayo mtoto yeyote wa Kitui wa zama zile alikuwa nayo, na ambayo uzao wa mtoto huyo leo aghalabu hauna.

Basi tuwafundishe vipi? Kwa mchezo, kwa sababu mtoto akicheza husahau kuchoka, na alilolishika kwa furaha halimtoki. Kikundi kimoja kitangulie katika mchanga wa mto mkavu, kingine kifuate nyayo zake mpaka kikipate. Mwajificho uchezwe porini, atakayejificha ajifunze rangi za majani na namna ya kutulia. Yapangwe majani ya muuku, mkwaju, mkuyu na mukau, yafunikwe kitambaa, kisha mtoto ataje aliyoyaona na aende kuutafuta mti wenyewe. Na mukau unastahili mchezo wake pekee: mbuzi hula tunda lake wakaacha kokwa zizini, na kokwa hiyo ni ngumu mno, hata kuipata mbegu nzima bila kuivunja kunataka mkono wenye subira; basi watoto washindane kuzipasua, na mbegu zitakazotoka salama ziloweshwe na kupandwa. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, wenye kituo mjini Kitui, wameushughulikia mti huu kwa miaka mingi, nao wakiombwa hawatakosa la kuwaonyesha watoto.

Na mtoto aliyeufukua mchanga wa mto mkavu kwa mkono wake, mahali pasipo na kina, akaona maji yakijikusanya polepole, hatahitaji kuhubiriwa kwa nini Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Vivyo hivyo kwa nyuki. Mzee mwenye mizinga ya magogo awaeleze watoto habari za yule ndege aongozaye watu kwenye asali, ambaye mwanachuoni wetu Hussein Adan Isack, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, alichunguza kazi yake miongoni mwa Waborana, wakatangaza mwaka 1989 kwamba mrina asali asiyeongozwa na ndege hutumia takriban saa 9 kukipata kiota, na aongozwaye hutumia saa 3 hivi.

Hofu ya nyoka, na ya mtoto kupotea, ni hofu ya haki. Kwa hiyo wasiende peke yao: waende na watu wazima wanaoijua njia, wahesabiwe wakienda na wakirudi, wavae viatu, askari wa misitu apewe habari mapema, na kila mtoto afundishwe kwanza kwamba akipotea asitangetange, akae mahali pamoja na kupiga mbinja. Hilo nalo lifanywe mchezo, na liwe la mwanzo.

Sheria ya misitu ya mwaka 2016 imewapa wananchi nafasi ya kushiriki katika kuitunza misitu kwa njia ya jumuiya zao. Tunaziomba jumuiya hizo ziwateue wazee na akina mama wawili watatu katika kila kilima, wanaoijua miti kwa majina. Tunawaomba walimu wakuu na viongozi wa skauti wapange safari angalau moja katika kila likizo, ya Aprili, ya Agosti na ya Desemba. Na tunakuomba wewe mzazi usingoje barua ya shule, bali likizo ijayo umwendee mzee wa jirani yako, umwombe akutajie siku, kisha uwachukue watoto wako na wa jirani mwende naye.