Kamera ifuate njia ya nyama, tusimwite nyama kwa chumvi



Kila mara tunapozungumza juu ya pori katika mikutano ya Salamabila, swali moja linarudi: kabla ya uwindaji kufunguliwa, tutajuaje ni nyama gani wamebaki, na ni wengi namna gani? Jibu linalotajwa sasa ni kamera ndogo inayofungwa kwenye mti. Nyama akipita mbele yake, kamera inahisi joto na mwendo wake, inapiga picha yenyewe, mchana ao usiku, na inaandika tarehe na saa. Ni chombo kizuri. Lakini hapohapo linatokea wazo la pili: "Basi tutie chumvi kidogo pale, ao maganda ya muhogo, nyama watakuja wao wenyewe."

Wazo hilo sisi tunalikataa. Tunaeleza sababu zetu hapa, ili mkizungumza katika koperative zenu muwe nazo mkononi.

Tuanze na sheria. Uwindaji katika nchi yetu unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Kuna wakati wa kuwinda na wakati wa kufunga, kuna kibali, na kuna nyama wanaolindwa ambao mtu hagusi. Kongo iko pia ndani ya Mkataba wa Algiers wa mwaka 1968, ambao unakataza sumu na chambo chenye sumu. Mtu atasema: chumvi si sumu. Ni kweli. Lakini mwenye kuweka chakula porini wakati uwindaji umefungwa, akafunga na kamera juu yake, halafu siku ya kwanza ya kufunguliwa akasimama palepale na bunduki, yeye ameanza kuwinda zamani, wenzake wakingali wanangoja. Wazee wetu wanaelewa hilo hata bila karatasi. Na tena, agenti wa mazingira akikuta fungu la maganda porini, atajuaje kama hamna sumu ndani? Dawa ya shamba ikitiwa katika chambo haiishi kwa nguruwe tu. Inafika kwa mbwa, kwa kuku, na kwa mtu atakayekula ile nyama.

Sababu ya pili ni mashamba yetu. Sisi ni wakulima kwanza. Nguruwe wa pori ana pua na ana kumbukumbu. Ukimpa maganda ya muhogo siku kumi karibu na kijito, umemfundisha ladha ya muhogo. Siku ya kumi na moja maganda yamekwisha, na shamba la mama fulani liko mita mia tano tu kutoka pale. Atakwenda wapi? Familia zetu zinalala shambani kufukuza nguruwe na nyani, watoto wanakosa masomo juu ya kulinda mahindi na karanga. Koperative haiwezi kwa mkono mmoja kugawa mbegu, na kwa mkono mwingine kuita wezi wa mavuno.

Sababu ya tatu ni magonjwa. Homa ya nguruwe ya Afrika inaua nguruwe wa nyumbani haraka sana na haina dawa ya kuiponya, lakini nguruwe wa pori anaweza kuibeba bila kuonekana mgonjwa. Sotoka ya mbuzi na kondoo nayo inaweza kuwapata wanyama wa jamii ya swala. Sasa fikiri mahali pa chumvi: usiku wanalamba nyama wa pori, asubuhi mbuzi waliofunguliwa wanapita na kulamba palepale. Umeyaunganisha mazizi mawili yaliyokuwa mbali.

Jambo hili haliko Kongo tu. Kule Marekani, kabla ya msimu wa kuwinda, watu wengi wanafunga kamera hizihizi msituni kutafuta kulungu wa kwao. Majimbo mengi yanakataza ao yanapunguza kuwawekea chakula. Katika jimbo la Wisconsin, mwaka 2002, uligunduliwa ugonjwa unaokula ubongo wa kulungu na kumkondesha mpaka anakufa. Moja ya njia za kuupunguza ilikuwa kukataza kuwakusanya kulungu kwenye fungu moja la chakula. Michigan ilifanya hivyo kwa sehemu yake yote ya kusini kuanzia mwaka 2019. Arizona ilikwenda mbali zaidi: tangu Januari 2022 kamera zenyewe zimekatazwa kusaidia uwindaji. Wale ni watu wenye bunduki nyingi na barabara nzuri, na bado wameona kwamba mnyama lazima abaki na nafasi yake.

Sababu ya nne ndiyo tunayoiona nzito kuliko zote: chambo kinatoa hesabu ya uongo. Nguruwe mmoja anayerudi kwenye maganda mara ishirini anatoa picha ishirini. Kijiji kinaangalia picha, kinasema: "Kumbe nyama wako wengi!" Kinaruhusu wawindaji zaidi, na baada ya miaka michache pori liko kimya. Na hesabu hiyo si mchezo. Amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kuomba msitu wake wa mababu uandikwe kuwa wa jamii, mpaka hektari 50,000. Jamii ikiupata, inatakiwa kuwa na mpango wa kuutumia: wapi tunalima, wapi tunakata mti, wapi tunawinda, wapi tunapumzisha. Karibu na Namoya, ambako dhahabu inavuta watu kutoka pande zote na kila mchimbaji anataka kitoweo, msitu usio na mpango unakuwa wa yeyote anayefika na pesa. Mpango uliojengwa juu ya picha za uongo utaanguka mbele ya mtu wa kwanza atakayeuliza maswali.

Basi tufanye nini? Mwindaji wa kwetu hahitaji chumvi ili aone nyama. Anajua kusoma udongo. Upande wa magharibi wa jimbo letu, katika misitu ya Lomami, watafiti walianza kazi mwaka 2007, na wakamkuta kima anayeitwa lesula. Vitabu vya sayansi vilimwandika mwaka 2012 tu, lakini watu wa vijiji walikuwa wanamjua na jina lake wanalo. Hifadhi ya Taifa ya Lomami ilitangazwa mwaka 2016. Ujuzi wa wenyeji ulitangulia, vyombo vikafuata. Na sisi tufanye hivyo.

Tunashauri hivi:

Mfunge kamera pale ambapo nyama anapita kwa mapenzi yake: njia yenye nyayo mpya na mavi, kivuko cha kijito, chini ya mti unaoangusha matunda, mahali pa udongo wa chumvi ambao Mungu mwenyewe aliuweka. Kati ya mwezi wa sita na wa nane, maji yanapopungua, vijito vidogo vinavyoshuka kuelekea Luama vinatosha kuwa wito.

Kimo cha goti la mtu kinafaa kwa mboloko na paa wengine wadogo. Kamera isitazame jua linapotoka wala linapozama. Fyeka majani machache tu mbele yake, maana kila jani linalotikisika ni picha ya bure na betri inakwisha. Usikate njia mpya, watu wataifuata. Ukishaifunga, iache wiki tatu ao nne. Anayekwenda kuiangalia kila siku anaacha harufu yake, na nyama wanahama.

Mgawanye kamera mahali tofauti, pazuri na pabaya pia. Ukizifunga zote kwenye njia bora, ni sawa na kupima shamba kwa kuangalia mistari yenye mbolea tu. Picha kadhaa za nyama yuleyule ndani ya nusu saa mzihesabu kama moja.

Liko jambo lingine, na hili linahusu usalama wa watu. Hapa kwetu kamera iliyofichwa mtini inaweza kuleta kifo. Mwenye silaha akiikuta atasema ni ya kupeleleza. Mama anayetafuta kuni hataki kupigwa picha bila kujua. Kwa hiyo hakuna kamera inayofungwa kabla shefu wa kijiji, wazee, wawakilishi wa wamama na ofisi ya mazingira ya teritwari hawajajua na kukubali. Picha ya mtu yeyote ifutwe mbele ya mashahidi. Na mahali ambapo watu wenye silaha wanapita, kamera isiwekwe kabisa, hata kama nyama wako wengi. Hakuna hesabu inayolingana na uhai wa kijana wetu.

Vilevile picha zisizunguke katika WhatsApp. Picha ya nguruwe yenye jina la kijito ni barua ya mwaliko kwa mfanyabiashara wa nyama mwenye motari na bunduki ya kukodi. Picha zikae kwa komite, na kijiji kipewe hesabu katika mkutano wa wazi, wawindaji na wasiowinda pamoja.

Tunajua kuna vijana watakaosema hivi ni kuchelewesha mambo, kwamba jirani hangoji mtu. Tunawaelewa, juu njaa haina kalenda. Lakini jirani asiyengoja anakula ya leo na ya mtoto wake. Tunaomba kila koperative iweke swali hili katika mkutano wake ujao, kabla kamera ya kwanza haijafungwa, na iandike katika daftari yake maneno machache: hakuna chambo, hakuna picha za watu, hakuna siri mbele ya kijiji. Tarehe za kufungwa na kufunguliwa kwa uwindaji muulize katika ofisi ya mazingira, Kabambare ao Kasongo, na mzibandike kwenye mlango wa depo ya koperative, pale ambapo kila mwanachama anapita kuchukua mbegu.