Kobe ni Dhamana, si Pambo la Uani

Waswahili husema ukimwona kobe ameinama, ujue anatunga sheria. Msemo huu huchekesha barazani, lakini ukweli ni kwamba hapa Tanzania sheria inayomhusu kobe mwenyewe imekwisha tungwa siku nyingi. Linalosikitisha ni kuwa wananchi wengi hawaijui, na miongoni mwao wamo watumishi wa Serikali na walimu, watu ambao jamii huwatazama kama kioo chake.

Sote tumepata kuliona jambo hili. Mtoto huokota kobe shambani, akampeleka nyumbani, na baba akaridhia. Kobe akatobolewa gamba, akafungwa kamba kwenye mti, naye akawa mchezo wa watoto wa mtaa mzima. Kwingineko kobe huwekwa katika bustani ya shule ili awe kielelezo cha somo la sayansi. Wapo pia wanaoamini kuwa kobe uani huleta heri. Hakuna anayeona kosa, kwa sababu kobe hapigi kelele, haumi mtu wala havunji ua wa jirani. Upole wake ndio unaomponza.

Yafaa basi ieleweke wazi kwamba kobe wa porini hana mwenyewe mmoja. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya Sheria Na. 12 ya mwaka 1974, inatamka kuwa wanyamapori wote ni mali ya umma, iliyo chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi wote. Aidha, neno nyara katika sheria hiyo halimaanishi pembe, meno na ngozi pekee. Mnyama mzima, awe hai au amekufa, naye ni nyara. Kwa hiyo anayemweka kobe uani bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori anaweza kushtakiwa kwa kupatikana na nyara za Serikali, na shtaka hilo huhesabiwa miongoni mwa makosa ya uhujumu uchumi, ambayo adhabu yake ni kali. Mwalimu aliyedhani anapamba bustani anaweza kujikuta kizimbani pamoja na majangili.

Huenda msomaji akauliza: kobe mmoja ana thamani gani hata Taifa zima lishughulike naye? Swali hilo linastahili jibu.

Katika nchi yetu yuko kobe bapa, aliye mwembamba kama chapati na mwenye gamba laini, anayeishi katika nyufa za miamba. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1903, kutokana na kobe aliyepatikana Busisi, Usukuma. Hakuna nchi nyingine anakopatikana ila Kenya, na kwa uchache Zambia. Kobe huyu hutaga yai moja tu kwa wakati mmoja. Kenya ilipozuia biashara yake mwaka 1981, wafanyabiashara waligeuzia macho Tanzania, na katika miaka iliyofuata kobe wetu walisafirishwa kwa maelfu hadi Ulaya, Marekani na Asia ili wakawe wanyama wa kuchezea majumbani mwa watu. Waliowakusanya walitumia jeki za magari na mitaimbo kupanua nyufa za mawe, na ufa ukishavunjika hautengenezeki tena. Hivyo aliyechukua kobe mmoja alibomoa pia nyumba ya kobe wengine ambao hawajazaliwa.

Mnyama anayetaga yai moja hawezi kushindana na mfanyabiashara anayejaza masanduku. Ndiyo maana mwaka 2019, katika mkutano uliofanyika Geneva, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, zilimpandisha kobe bapa hadi Orodha ya Kwanza ya mkataba huo. Aliyetolewa porini haruhusiwi tena kuuzwa nje kwa ajili ya biashara. Akisafirishwa kwa sababu nyingine yoyote, sharti pawe na kibali cha nchi anakotoka na kibali cha nchi anakokwenda. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1979, na mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje.

Zanzibar nayo, ambayo ina sheria zake katika mambo haya, imetupa funzo. Kobe wakubwa wa Kisiwa cha Changuu walitoka Ushelisheli mwaka 1919 wakiwa zawadi, wakazaliana, na wakawa fahari ya Visiwa. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 wizi ulikaribia kuwamaliza, mpaka ikabidi wajengewe mahali pa ulinzi. Ikiwa kobe wanaojulikana na kutembelewa na wageni kila siku waliweza kuibwa, je, wale walio peke yao katika miamba ya Dodoma na Ruaha watalindwa na nani kama si wananchi wenyewe?

Tusimsahau kasa wa baharini. Pwani yetu ina kasa wa kijani na ng'amba, ambao hutaga mayai katika fukwe zetu. Hao sheria za uvuvi zinakataza kabisa kuwakamata, na mayai yao hayaguswi. Kasa kuwekwa katika dimbwi la hoteli ili wageni wapige naye picha si uhifadhi hata kidogo.

Liko pia suala la afya. Kobe na kasa hubeba vijidudu vya salmonela bila kuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kasa wadogo wenye gamba lisilofikia inchi nne, kwa kuwa watoto waliokuwa wakiwachezea waliugua. Mwalimu anayewaachia wanafunzi wake kumshika kobe kisha wakala chakula bila kunawa mikono anapaswa kulitafakari hilo.

Pamoja na hayo, haki inatutaka tuseme jambo jingine. Sheria isiyofahamika kwa wananchi huwa mtego. Kuna tofauti kubwa kati ya mlanguzi anayefunga kobe katika masanduku usiku na mtoto aliyemwokota njiani kwa mapenzi yake. Tunaamini kwamba wanaosimamia sheria wanao wajibu wa kuitambua tofauti hiyo, ili uzito wa sheria umwangukie mlanguzi na wakala wake. Tunashauri kuwa mamlaka ya wanyamapori itoe muda maalumu ambao mwananchi mwenye kobe nyumbani ataweza kumsalimisha bila kuogopa pingu. Vilevile, masharti ya vibali yaandikwe kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa katika ofisi za kata na katika shule. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu. Haifai maelezo ya kibali cha kobe yabaki yakijulikana na wakubwa wachache.

Kwa upande wetu wananchi, wajibu ni mwepesi. Ukimkuta kobe porini, mwache. Ukimkuta akivuka barabara, mvushe kwa upande ule ule aliokuwa akiuelekea. Aliye naye nyumbani asimtupe vichakani gizani, kwa maana anaweza kupeleka ugonjwa mahali asipopajua. Aende katika ofisi ya wanyamapori ya wilaya yake na kuomba maelekezo. Naye anayetaka kufuga kwa halali aombe kibali kabla ya kumpata mnyama, si baada ya kukamatwa naye.

Mwaka 1961, katika Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba viumbe hawa ni amana ambayo kizazi chetu kimekabidhiwa kwa ajili ya wajukuu. Wengi wakilisikia neno hilo humfikiria tembo na faru. Lakini uaminifu wa mtu hupimwa katika vitu vidogo, visivyolindwa na askari mwenye bunduki. Kobe ni mmoja wa hao. Ndugu zetu walimu na watumishi wa umma waanzie katika nyua zao wenyewe, kisha wawafundishe wengine.