Presha yako imo ndani ya sufuria

Mwezi uliopita aliletwa kliniki mama mmoja, mwalimu mstaafu. Mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki. Presha ilikuwa 210 kwa 120. Binti yake akaniambia, "Daktari, mama alikuwa ameshapona. Alipima ikawa 130, akaacha vidonge, akawa anakunywa maji ya kitunguu saumu na limao kila asubuhi."

Hilo neno "ameshapona" nimelisikia mara nyingi mno. Ndugu msomaji, presha ikishuka wakati unameza dawa, maana yake dawa inafanya kazi yake. Ugonjwa bado upo.

Usidhani napinga njia za asili. Nazipenda, na huwaandikia wagonjwa kama ninavyoandika vidonge. Kinachoniudhi ni watu kununua chupa ya "dawa asilia" kwa bei ya kilo tatu za nyama, huku sufuria ya nyumbani haijaguswa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku. Hicho ni kijiko kimoja cha chai, kwa milo yote. Wagonjwa wangu karibu wote huapa kwamba hawali chumvi nyingi. Basi huwauliza: mchuzi unaupika na nini? Hapo vinatajwa vile vipande vya viungo vilivyofungwa kwenye karatasi, ambavyo sehemu kubwa ni chumvi. Papa mkavu je? Chipsi ulizonunua jana, alizinyunyizia nani? Hata magadi unayotia kwenye maharage yaive haraka yana sodiamu, ile ile iliyomo kwenye chumvi.

Sodiamu huvuta maji yakabaki kwenye damu. Damu inaongezeka, mishipa ni ile ile, moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Fanya hivyo miaka kumi uone hali ya figo.

Punguza taratibu. Ukiondoa chumvi yote leo, kesho familia itagoma kula na wewe utarudi ulikotoka. Robo wiki hii, robo nyingine baadaye. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache. Maharage yaloweke usiku kucha, magadi hutayahitaji. Tia limao, tangawizi, bizari na hicho kitunguu saumu, maana hapo kwenye sufuria kinasaidia kweli. Kikopo cha chumvi kiondoke mezani. Wazazi, hili ni lenu hasa: mtoto anayekuona unanyunyizia kabla hujaonja atafanya hivyo hivyo maisha yake yote.

Mchicha, maharage, ndizi na parachichi vina potasiamu, ambayo husaidia mwili kutoa sodiamu. Ila mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, na asiguse kabisa ile chumvi mbadala yenye potasiamu bila ruhusa. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Tembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Kushuka daladala kituo kimoja kabla ya nyumbani kunatosha kuanzia. Unene na pombe vipungue, sigara iachwe, haya mnayajua.

Kila kimoja hushusha presha kwa pointi chache tu. Vikijumlishwa, mwenye presha iliyopanda kidogo anaweza kuambiwa asubiri kuanza dawa, na anayemeza anaweza kupunguziwa. Kupunguziwa na daktari wake, si na jirani. Mwenye 180 asijidanganye kwa matembezi peke yake.

Ukipima, kaa kimya dakika tano kwanza, miguu ikanyage chini, mkono uwe usawa wa moyo. Ukitoka kukimbilia daladala, namba itakudanganya. Andika kwenye daftari, uje nalo.

Yule mama sasa anajifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Vidonge amerudia. Binti yake ana miaka 38 na hakuwahi kupima hata siku moja. Nilimpima palepale: 148 kwa 94. Huenda ni hofu ya siku ile, ndiyo maana nimemwambia arudi baada ya wiki mbili. Alipofika mlangoni akageuka kuniuliza kama maharage ya kulowekwa huiva kweli bila magadi.

Huiva. Anza mapema tu.